Sura ya 6: Simenti Tuliweka, Mbona Ukuta Umepasuka?

Swali hili huulizwa na wazazi kwenye vikao vya shule, na wauguzi wa vituo vya afya, na waumini waliochangishana mwaka hadi mwaka ili kanisa lao liinuke. "Papa Injenia, simenti tuliweka, nondo tuliweka, mbona ukuta umepasuka?" Utalisikia Masisi-kati na Nyabiondo, Kitchanga na Mweso, na ukishuka msituni utalikuta tena Pinga na Walikale-kati. Mara nyingi anayeuliza ameshajijibu moyoni: kuna mtu aliuza mifuko usiku. Wizi upo, na nitausema mahali pake. Lakini nyufa nyingi zimo ndani ya majengo ambamo hakuna aliyeiba hata msumari, nazo hurudi jengo baada ya jengo.

Anayepaswa kulijibu ni mhandisi wa miundo. Huyu si mchora ramani ya vyumba, wala si fundi mwashi. Kazi yake ni kufuatilia uzito: unatoka kwenye bati, unapita kwenye mbao za paa, unashuka ukutani au nguzoni, unaingia msingini, unaishia udongoni. Kila kiungo cha njia hiyo lazima kiweze kubeba kinachopita. Kwa jengo lisilo na ghorofa, hesabu zenyewe si ngumu. Zinafundishwa chuoni na vitabu vyake vipo. Ugumu wa Masisi na Walikale uko kwingine: kilichoandikwa kwenye mchoro sicho kinachofika kwenye shantie, yaani mahali pa ujenzi.

Tazama nchi yenyewe. Sake iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda kuelekea malisho ya Mushaki unavuka mita 2,000, baridi inaanza na ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi. Ukiendelea magharibi nchi inashuka mpaka chini ya mita 1,000, na unaingia Walikale, teritware (yaani wilaya) kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, yenye kilomita za mraba zaidi ya 23,000, karibu yote msitu. Kutoka Goma hadi Masisi-kati ni kilomita zipatazo 80. Mvua ikinyesha, kilomita hizo zinaweza kumeza siku nzima, na lori likizama njiani zinameza siku mbili au tatu. Kwa maoni yangu, injenia anayeitwa kujenga huku anapaswa kuihesabu barabara kwanza, kabla hajagusa ukubwa wa nguzo.

Ufa unasema nini

Kabla ya kumlaumu mtu, usome ufa. Kila ufa una mwelekeo, una upana, na una mahali ulipoanzia, na hayo matatu yanatosha kumwonyesha mtu chanzo.

- Nyufa nyembamba kama wavu juu ya plasta: plasta ilikauka upesi mno. Jengo halina hatari.
- Ufa wa mshazari unaoanzia kwenye kona ya dirisha, au unaoshuka kama ngazi kufuata maungio ya matofali: sehemu moja ya msingi imezama kuliko nyingine.
- Ufa wa wima kwenye kona, kuta mbili zikiachana: hazikufungwa pamoja.
- Ufa mnyoofu unaofuata urefu wa nguzo, wenye rangi ya kutu: nondo ndani inaoza na kuvimba.

Swali linalofuata ni kama ufa bado unakua. Hapa huhitaji chombo cha maabara. Chukua plasta kidogo, ipake juu ya ufa kama kidole gumba kwa upana, na kabla haijakauka andika tarehe juu yake kwa msumari. Rudi baada ya mvua za mwezi mmoja. Plasta ikiwa nzima, ufa umelala. Unaweza kuuziba na kupaka rangi. Plasta ikiwa imekatika, jengo bado linatembea, na kuziba ni kuficha ugonjwa. Nimeona kamati za shule zikinunua rangi mara tatu kwa ukuta uleule kwa sababu hakuna aliyetumia msumari huo.

Katika Masisi, ufa wa mshazari ndio unaotawala. Tuuchunguze.

Kilima kilichokatwa

Masisi ni nchi ya miteremko. Uwanja tambarare ni adimu, na uliopo mara nyingi ni bonde lenye maji. Kwa hiyo anayejenga hukata kilima: udongo wa upande wa juu unachimbwa na kumwagwa upande wa chini, na kwa siku chache za salongo, kazi ya pamoja ya kijiji, kiwanja kimepatikana. Kinapendeza kwa macho. Kumbe kina nusu mbili zisizofanana. Nusu ya ndani ni udongo wa asili, uliogandamana tangu enzi. Nusu ya nje ni udongo uliomwagwa juzi, una hewa ndani yake, na kila mvua inaushusha kidogo.

Watu hudhani jengo linazama kwa sababu ni zito. Tupige hesabu. Ukuta wa tofali wenye unene wa sentimita 22 na kimo cha mita 3 una uzito wa takriban tani 1.2 kwa kila mita ya urefu. Msingi wa mawe chini yake, upana wa sentimita 50 na kina cha sentimita 80, unaongeza kama tani 0.9. Paa na mengineyo, tuseme tani 0.2. Jumla ni tani 2.3, nazo zimegawanyika juu ya nusu mita ya upana: chini ya tani 5 kwa kila mita ya mraba. Udongo mwekundu wa Masisi, ukiwa wa asili na haujalowa, kwa kawaida hubeba tani 10 au zaidi. Uzito si tatizo. Tatizo ni kwamba nusu moja ya darasa imekalia udongo usiosogea na nusu nyingine imekalia udongo unaoshuka. Ukuta wa tofali haujui kupinda. Tofauti ya sentimita mbili tu kati ya ncha zake inatosha kuupasua, na hapo hata uongeze mifuko ishirini ya simenti, utakuwa umeiongeza mahali pasipo na ugonjwa.

Dawa ya kwanza ni ya bei ndogo: kata kilima zaidi, na usogeze jengo zima ndani, likae lote juu ya udongo wa asili. Ule uliomwagwa uachwe uwe ua wa kuchezea watoto. Hili linaongeza siku za koleo, halimalizi pesa. Kama nafasi haitoshi, msingi ushuke kwa ngazi mpaka ufikie udongo wa asili kila upande, hata kama upande wa chini utahitaji kina cha mita 2. Kinachokatazwa ni kuujenga juu ya udongo uliomwagwa na kutumaini.

Lakini ukikata ndani zaidi, ukingo wa udongo nyuma ya jengo unakuwa mrefu na wima, nao utaanguka siku moja. Acha nafasi ya kutosha kati ya ukingo na ukuta. Mimi siridhiki na chini ya kimo cha ukingo wenyewe. Juu ya ukingo chimba mfereji wa kukatiza maji ya mlima kabla hayajafika. Pakihitajika ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, uachiwe matundu ya kutolea maji chini yake, na nyuma yake kupangwe kokoto. Maji yaliyosimama nyuma ya ukuta wa mita 2 usio na matundu yanausukuma kwa tani 2 katika kila mita ya urefu, mbali na udongo wenyewe. Ndiyo maana kuta hizi huanguka usiku wa mvua kubwa baada ya kusimama kiangazi chote bila dalili.

Walikale ina shida yake. Huko mteremko ni mdogo, maji ya chini yako karibu, na kiwanja mara nyingi kilikuwa msitu miaka michache iliyopita. Visiki vilivyofukiwa huoza polepole na kuacha tundu chini ya sakafu. Kwa hiyo visiki ving'olewe, visifukiwe, na sakafu iinuliwe sentimita 40 au 50 juu ya ardhi ili maji ya bonde la Lowa yanapopanda yasiingie darasani.

Pote pawili, maabara ya udongo iko mbali. Mashimo manne, moja kila kona, kina cha mita 1.5, yanachimbwa kwa siku moja. Ingia ndani mwenyewe. Angalia kama rangi inabadilika ukishuka, kama kuna mizizi, kama maji yanachuruzika. Sukuma chuma cha milimita 12 kwa mkono: kikizama kwa urahisi zaidi ya sentimita 20, bado hujaufikia udongo wa kujengea.

*Kwa kifupi: jengo la chini haliangushwi na uzito wake. Linapasuliwa na msingi ulio juu ya udongo wa aina mbili, na maji ambayo hayakupewa njia.*

Simenti iliyosafiri

Simenti inayouzwa Goma hutoka Uganda, Rwanda na kwingineko. Kwenye mfuko utaona namba, 32.5 au 42.5. Namba hiyo ndiyo nguvu ya simenti ikipimwa kwa masharti ya maabara baada ya siku 28: 32.5 maana yake, kwa kukadiria, kila sentimita ya mraba huhimili kilo 330 kabla ya kuvunjika. Lakini namba inaeleza simenti ilivyokuwa kiwandani.

Ifuate njiani. Lori linaifikisha Sake au mbele kidogo. Barabara ikikatika, mifuko inashushwa na kulala chini ya turubai. Kisha inapanda pikipiki, na mwishoni migongo ya watu. Kwenda Walikale safari ni ndefu zaidi. Kuna miaka ambapo bidhaa zilifika huko kwa ndege ndogo zilizotua juu ya kipande cha barabara pale Kilambo, zikarudi Goma zimebeba kasiterite, madini ya bati kutoka Bisie. Kila kituo ni unyevu mwingine. Simenti huanza kazi yake mara inapoonja maji, hata maji ya hewani, na kazi hiyo haifanyiki mara mbili. Kanuni inayotumiwa na wajenzi ni kwamba simenti iliyokaa ghalani miezi mitatu hupoteza kama sehemu moja kwa tano ya nguvu. Ikifika miezi sita, karibu theluthi. Na hapo ghala ni kavu.

Basi mfuko upimwe unapofika. Ingiza mkono ndani: unapaswa kuhisi baridi na ulaini. Ukikuta bonge, libonyeze kwa vidole. Likisagika kuwa unga, tumia mfuko huo upesi. Lisiposagika, mfuko huo ni wa kusakafia njia ya choo, si wa nguzo. Ukiwa na shaka, changanya ngumi moja ya simenti na maji kidogo, finyanga kidonge, kifunge kwenye plastiki. Kesho yake ukucha usiweze kukikwaruza.

Zege, ambalo mafundi wetu huliita beto, ni simenti, mchanga, kokoto na maji. Mainjenia wa Kongo huandika "dozi ya 350": kilo 350 za simenti ndani ya mita moja ya ujazo ya zege, yaani mifuko saba. Fundi hana mzani wala mita ya ujazo. Ana toroli na koleo, na koleo la asubuhi si koleo la saa tisa mchana wakati mikono imechoka. Mtengenezee boksi la mbao lisilo na kitako, lenye urefu wa sentimita 40, upana wa 35 na kimo cha 25. Lina lita 35, ambazo ni sawa na mfuko mmoja wa simenti. Mfuko mmoja, boksi moja na nusu za mchanga, boksi tatu za kokoto: umefika kwenye mifuko saba na ziada kidogo. Boksi hilo ni mbao nne na misumari, na kwangu lina faida kuliko kurasa kumi za maelekezo.

Hapa ndipo pa kuuzungumzia wizi. Nguzo ya sentimita 20 kwa 20 yenye kimo cha mita 3 ina mita za ujazo 0.12, nayo kwa dozi ya 350 inakula mfuko mmoja pungufu kidogo. Nguzo kumi ni mifuko minane na nusu. Hesabu kama hii iandikwe kwa chaki kwenye ubao, mbele ya kamati, kabla ya kazi ya siku kuanza, na mifuko mitupu ihesabiwe jioni. Mzazi asiyejua kusoma mchoro anajua kuhesabu mifuko. Ulinzi wa namna hii haumtukani fundi mwaminifu. Unamlinda na lawama za kesho.

Maji ndiyo adui asiyeshukiwa. Zege la majimaji ni rahisi kulimwaga, linajaza pembe zote bila kusukumwa, na fundi aliyechoka analipenda. Mfuko wa kilo 50 unataka lita 25 hivi, yaani kidumu kimoja cha lita 20 na robo yake. Ukifikisha lita 35, zege linaweza kupoteza theluthi ya nguvu yake, bila mtu kuiba hata gramu moja ya simenti. Tena mchanga wa Masisi hauko mkavu: ulioloweshwa na mvua ya jana unaleta lita nne au zaidi kwa kila mfuko. Siku ya namna hiyo kidumu kimoja kinatosha.

Na mchanga wenyewe? Ule wa mtoni mara nyingi una tope. Jaza chupa nusu kwa mchanga, ongeza maji, tikisa, iache mpaka kesho. Tope litalala juu ya mchanga. Likizidi sehemu moja kwa kumi ya kimo, uoshe mchanga. Kokoto huku hupasuliwa kwa nyundo, aghalabu na akina mama wanaokaa kando ya barabara. Jiwe gumu jeusi la lava ni zuri sana, lile jepesi lenye vitundu kama sifongo hunywa maji na halifai nguzo. Mlipe mpasuaji kwa kokoto za saizi, upitishe chekeche, maana akilipwa kwa rundo tu atakupa mawe makubwa kama ngumi, nayo hayapiti kati ya nondo.

Zege likishamwagwa, linywe maji kila siku kwa siku saba, lifunikwe kwa majani ya migomba au magunia. Huko juu penye baridi linakomaa polepole kuliko Walikale. Mirunda, yaani miti inayoshikilia boriti kutoka chini, isitolewe kabla ya wiki tatu, na Mushaki mimi ningengoja nne.

Nondo iliyokatwa ili ibebwe

Nondo ni vyuma vinavyolala ndani ya zege. Zege hustahimili kubanwa, lakini likivutwa hukatika. Nondo ndiyo inayoshika pale linapovutwa.

Shida ya kwanza ni unene. Unanunua ya 12, unapewa ya 10 iliyopakwa jina. Tofauti ya milimita mbili inaonekana ndogo, lakini kinachobeba ni eneo la duara lake: ya 12 ina milimita za mraba 113, ya 10 ina 79. Umepoteza karibu theluthi ya chuma. Mzani wa sokoni utakwambia ukweli: nondo ya 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10.7, ya 10, kilo 7.4. Pima tano kwa pamoja kabla ya kulipa, mbele ya muuzaji, kwa adabu. Ukiisha kuvuka Sake hutairudisha.

Shida ya pili inatokana na barabara. Nondo ya mita 12 hukunjwa mara mbili ili ienee kwenye lori, kisha inakatwa ili ipande pikipiki, kisha inakatwa tena ili mtu aipitishe kwenye kijia cha msitu. Mchoro wa Goma ulidhani chuma kizima. Vipande viwili vinapounganishwa lazima vipishane, na kupishana kwa nondo ya 12 ni sentimita 60 hivi. Ukikata vipande vya mita 4, kila kiungo kinakula sentimita 60, yaani asilimia 15 ya chuma chote. Kama haikuwekwa kwenye devi, yaani orodha ya vifaa na bei, fundi atapishanisha kwa sentimita 20 ili chuma kitoshe. Boriti itasimama. Itasimama mpaka siku itakapovutwa.

Kwa hiyo injenia aulize kabla ya kuchora: kipande kirefu kuliko vyote kitakachofika ni cha mita ngapi? Kisha achore nguzo na boriti zinazotoshea kipande hicho, na viungo viwekwe mahali pasipovutwa sana, visipangwe vyote kwenye mstari mmoja. Kama wabebaji wanaweza mita 6, darasa lote lichorwe kwa mita 6.

Na ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozunguka nondo za nguzo, ncha zake zikunjwe kuelekea ndani ya nguzo. Mafundi wengi huzikunja kwa pembe ya mraba tu, kwa kuwa ni haraka. Tetemeko likija, ringi ya namna hiyo hufunguka.

Kutikiswa na kupeperushwa

Tunaishi juu ya ufa mkubwa wa dunia, uleule uliochimba Ziwa Kivu na kuinua milima ya moto. Tarehe 24 Oktoba 2002 tetemeko la ukubwa wa 6.2 lilitikisa Kalehe. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili, jingine la 5.9 liliipiga Bukavu na upande wa Rwanda, ambako kanisa liliwaangukia waumini wilayani Rusizi. Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22, Goma ilitetemeka siku nyingi na kuta zikapasuka mtaa kwa mtaa. Pamoja na hayo, bado kuna devi nyingi za shule ambazo mkanda wa zege unaofunga kuta zote juu, lenta, unafutwa wa kwanza pesa zikipungua. Ningefuta plasta, ningefuta rangi, ningefuta dari, nikaacha lenta. Izunguke jengo zima bila kukatika, na nondo zake kwenye kona zipinde na kuingia ukuta wa pili, zisiishie pembeni.

Pembetatu ya tofali inayopanda mpaka kileleni mwa paa, pale mwisho wa jengo, ndiyo huanguka mapema kuliko yote, kwa kuwa haijashikwa na kitu juu. Ijenge kwa mbao. Mwalimu hatapungukiwa na lolote.

Upepo nao husahaulika kwa sababu watu hufikiri paa ni mzigo unaokandamiza. Bati na mbao zake vina uzito mdogo, kilo chache tu kwa bati lenyewe katika kila mita ya mraba. Upepo wa kilomita 108 kwa saa hutoa msukumo wa kilo 56 hivi kwa mita ya mraba, na kwenye kingo za paa unavuta kwenda juu kwa nguvu inayozidi hapo. Paa letu linataka kuruka. Ndiyo maana mvua za kwanza za Septemba zinapokuja na upepo, paa la shule hukutwa shambani likiwa zima, mbao na bati pamoja: misumari ya bati ilishika, lakini hakuna kilichofunga mbao kwenye ukuta. Acha vipande vya nondo ya 6 vikiwa vimezama ndani ya lenta, vikunjwe juu ya mbao za paa na kupigiliwa. Na bati la BG 32 ni jembamba kuliko la BG 28. Namba ikipanda, unene wa bati unapungua.

Nyumba ya mbao si aibu

Kuna fikra kwamba jengo la kudumu ni la tofali, na la mbao ni la kungojea. Siikubali. Nyumba ya mbao iliyofungwa vizuri ni nyepesi, kwa hiyo tetemeko halina cha kuishika. Udongo ukishuka kidogo, inapinda bila kupasuka. Walikale ina mvule na libuyu, mbao ambazo mainjenia wa kwingine huzilipia ghali. Kubeba simenti siku kadhaa msituni ili ujenge kati ya miti ya namna hiyo ni uamuzi unaohitaji sababu, na mara nyingi sababu pekee ni kwamba mfadhili ana mchoro mmoja wa kila mahali.

Mbao zina masharti. Nguzo isiingie udongoni. Ikae juu ya jiwe au kitako cha zege, sentimita 30 juu ya ardhi, ili mchwa wakipanda waonekane. Paa litokeze mbele ya kuta angalau sentimita 80. Mbao zikaushwe kivulini miezi kadhaa kabla ya kupigwa msumari, na hilo ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa pesa za mradi zina tarehe ya mwisho.

Tena familia ya Masisi iliyolazimika kuhama imewahi kuing'oa nyumba yake, mbao kwa mbao, ikaibeba. Hakuna anayebeba tofali.

Kazi inaposimama katikati

Tatizo hili halimo kwenye vitabu vya chuo. Vita vilipoingia Kitchanga Januari 2023, Rubaya Aprili 2024, Masisi-kati Januari 2025, Walikale-kati Machi mwaka huohuo, kila mahali kulikuwa na majengo yaliyofikia madirishani. Fundi anakimbia, injenia anabaki Goma au Bukavu akitazama picha za simu, na mvua haingoji. Familia zilizohama hulala ndani ya madarasa yasiyokwisha, na mbao za paa zikiwa karibu huwa kuni; sitamlaumu mama anayepikia watoto.

Basi jengo la huku lipangwe kwa hatua ambazo kila moja inaweza kusimama peke yake: msingi wote, kisha kuta zote mpaka lenta, kisha paa. Usijenge kona moja mpaka juu huku nyingine iko chini. Na simenti isinunuliwe ya hatua tatu kwa mpigo.

Ukipata hata siku mbili za kufunga kazi kabla ya kuondoka:

1. Paka nondo zinazochomoza uji mzito wa simenti, au zifunike kwa zege dhaifu utakalolivunja baadaye.
2. Funika vichwa vya kuta kwa bati au majani, na mawe juu yake. Maji yakiingia kutoka juu yanaosha maungio.
3. Egemeza kuta ndefu kwa miti pande zote mbili; ukuta usio na lenta hauna kinachoushika upepo ukija.
4. Zibua mifereji. Hii ndiyo kazi ya kwanza, hata kama nimeiandika mwishoni.

Ukirudi baada ya miezi, usianze pale ulipoachia. Toa mistari miwili ya juu ya matofali na uijenge upya. Sugua nondo kwa brashi ya waya: kutu ya kahawia inayotoka kama unga haina neno, na zege hukishika vizuri chuma cha namna hiyo. Kutu inayobanduka kwa magamba ni habari nyingine. Pima unene wa chuma baada ya kusugua. Kama ya 12 imebaki 10, ikatwe, zege livunjwe sentimita 60 kwenda chini mpaka kwenye chuma kizima, na nondo mpya ipishanishwe hapo. Kamati itasema injenia anabomoa kazi iliyokwisha lipiwa. Waonyeshe mzani na kipande kilichokatwa, wakishike wenyewe mkononi, kabla nyundo ya pili haijapigwa.